Dola kumi na mbili kwa mwito

Aliyezoea Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, askari wenye vyeo na sare na mshahara wa serikali, akihamia mji mdogo wa Marekani hushangaa siku ya kwanza gari la zimamoto likimpita barabarani. Dereva ni fundi bomba. Aliyekaa kando yake anafundisha shule ya msingi, na wa nyuma ana duka la matairi. King'ora kilipolia hakuna hata mmoja aliyekuwa kituoni, kila mtu ametokea kwake. Na si kituko cha mji mmoja. Kwa hesabu za NFPA, shirika la Marekani linaloandika viwango vya kinga ya moto, mwaka 2020 nchi hiyo ilikuwa na wazima moto wapatao 1,041,200, na 676,900 kati yao, yaani asilimia 65, walikuwa wa kujitolea.

Neno hilo "kujitolea" lisikudanganye. Vikosi vingi huwapa watu wao chochote kila wanapoitika: dola nane, kumi, kumi na mbili kwa mwito. Kwetu jambo hili si geni. Tuna walimu wa kujitolea wanaopewa nauli, na Kenya tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wanapewa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kila mahali swali ni lile lile: posho inaishia wapi, mshahara unaanzia wapi? Kwa wazima moto wa Marekani swali hilo lina kanuni yake, hesabu yake na fomu zake, na vikosi vinavyolijibu kienyeji hujikuta mbele ya hakimu. Haya ninayoandika ni ya mhazini na mkuu wa kikosi kidogo, na pia ya ndugu zetu walioalikwa kujiunga na kikosi cha mtaani kwao wakajiuliza hela hiyo ni ya aina gani.

Kwanza, posho hii inanunua nini. Hainunui wanachama wapya. Mafunzo ya ngazi ya kwanza ya mzima moto yanakula zaidi ya saa mia moja, jioni na Jumamosi, na hakuna mtu mzima anayeketi darasani saa zote hizo kwa ajili ya dola kumi na mbili. Inachonunua ni mwito wa tatu wa wiki. Moto wenyewe ni asilimia 4 hivi tu ya miito yote ya idara za zimamoto nchini humo. Inayobaki ni wagonjwa, ajali za barabarani, na kengele zilizolia saa tisa usiku kwa sababu mtu ameunguza mkate. Mtu aliyeamka kwa mkate ulioungua Jumatatu na Jumatano, Ijumaa peja, kile kifaa kidogo kinachomwita kazini, ikilia anaitazama, anavuta blanketi. Posho inalipa mafuta ya gari lake na inapunguza maneno ya mwenzake kitandani. Basi. Anayeahidi zaidi ya hapo kwenye kikao cha bajeti anauza kitu asichonacho.

Na huyo mmoja aliyevuta blanketi ana uzito kuliko anavyojua. Kanuni ya usalama kazini inataka wawili wakiingia ndani ya jengo linalowaka, wawili wabaki nje wakiwa wamevaa kamili, tayari kuwafuata. Watatu wakifika, kazi ya ndani haianzi, isipokuwa kuna mtu wa kuokolewa. Mzima moto wa nne ndiye anayefungua mlango. Kiwango cha NFPA 1720, kilichoandikwa kwa ajili ya vikosi vya kujitolea, kinataka watu 6 ndani ya dakika 14 vijijini, na watu 10 ndani ya dakika 10 kwenye vitongoji, angalau mara nane katika kila kumi. Ukitaka kujua kama posho yako inafanya kazi, usihesabu wanachama. Hesabu ni miito mingapi ilipata wanne, na ilikuwa saa ngapi.

Saa ndiyo mtego

Sheria ya shirikisho ya mishahara na saa za kazi ni ya 1938, wanaiita FLSA kwa kifupi. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Garcia dhidi ya mamlaka ya usafiri ya San Antonio, kwamba sheria hiyo inazibana serikali za miji na majimbo pia. Miji ikashtuka: je, wanaojitolea nao wadai kima cha chini? Mwaka huo huo Bunge likarekebisha sheria. Mtu anayejitolea kwa chombo cha umma hahesabiwi mwajiriwa hata akirudishiwa gharama, akipewa mafao ya kiasi, au akipewa posho ndogo ya jina tu, ilimradi hizo zisiwe mshahara uliobadilishiwa nguo.

Kanuni zilizofuata zinasema posho hiyo isifungwe na tija, kisha zinaongeza kwamba katazo hilo halizuii kuwalipa wazima moto wa kujitolea kiasi kidogo kwa kila mwito au kwa mtindo unaofanana na huo. Mlango wenyewe ni huo. Katika kupima kama kiasi ni kidogo kweli, wanaangalia umbali mtu anaosafiri, muda na nguvu anazotumia, kama amekubali kuwa tayari usiku na mchana au saa fulani tu, na kama anatumika mwaka mzima au mara mojamoja. Halafu wanaangalia vyote kwa jumla, posho na marejesho na mafao, kwenye mizani moja. Kuipunguza posho huku ukilipa "mafuta" ya maili ambazo hazikuendeshwa hakukuokoi.

Kiasi gani basi? Barua ya Wizara ya Kazi ya Agosti 2006 ilitoa kipimo kinachotumika hadi leo: posho isizidi asilimia 20 ya kile ambacho mzima moto wa kudumu angelipwa kwa kazi ile ile. Asilimia hiyo haimo kwenye sheria yenyewe, ila ukiwa chini yake wizara haina sababu ya kukugusa. Kama mji wako hauna wazima moto wa kudumu, chukua kiwango cha mji jirani, kikikosekana cha jimbo, kikikosekana cha taifa, na uandike kwenye kumbukumbu za kikao umekitoa wapi.

Hesabu inakwenda hivi. Tuseme jirani anamlipa wa kudumu dola 30 kwa saa. Kwenye daftari lako mwito wa wastani, tangu peja ilie mpaka mipira ikunjwe na gari lioshwe, unachukua saa 2. Kazi hiyo ingegharimu dola 60, na asilimia 20 yake ni dola 12. Hapo umefika ukingoni, huna senti ya ziada.

Sasa angalia hesabu hii inavyooza yenyewe bila mtu kuigusa. Mwaka unaofuata kikosi kinakubali kuwasaidia watu wa ambulansi: kuwainua wazee walioanguka, kubeba machela ngazini. Miito hii ni mifupi, dakika arobaini na imekwisha. Wastani unashuka kutoka saa 2 hadi saa 1. Mzima moto wa kudumu angepata dola 30, asilimia 20 ni dola 6, na wewe bado unalipa 12. Umefika asilimia 40 bila kupandisha posho hata senti moja. Kwa hiyo wastani wa saa unakokotolewa upya kila mwaka kabla ya bajeti, kutoka kwenye daftari, si kichwani mwa mkuu wa kikosi ambaye anakumbuka zaidi ule moto wa ghala wa saa tisa mfululizo.

Wengi wakiona hivyo wanasema: basi tulipe kwa saa, ndiyo haki. Hapo ndipo wanapoanguka. Malipo ya saa ni alama ya ajira. Mji wa Gibraltar, Michigan, ulikuwa ukiwalipa wazima moto wake "wa kujitolea" dola 15 kwa saa ya kuitika mwito. Halafu mfanyakazi mwingine kabisa wa mji huo, mpokea simu za dharura aliyefukuzwa kazi, akaushtaki mji kwa sheria ya likizo ya ugonjwa na familia. Sheria hiyo inamgusa mwajiri mwenye watu 50 na zaidi, na mji ulijitetea kwamba haufiki hapo. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya kanda ya sita ikasema wale wazima moto ni waajiriwa kwa maana ya sheria, kwa hiyo wahesabiwe. Ona kesi ilikotokea: si mzima moto aliyelalamika. Posho iliyoandikwa vibaya inaweza kukaa kimya miaka, kisha ikafumuka kwa mgogoro usiouhusu moto hata kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo vikosi hulisahau. Msamaha huu uliandikwa kwa ajili ya vyombo vya umma. Vikosi vingi ni vyama binafsi visivyo vya faida vyenye mkataba na mji. Kama chama chako ni cha namna hiyo, mwite mwanasheria kabla ya kuandika hundi ya kwanza.

Karatasi moja, safu nane

Ugomvi mwingi wa posho unatokana na karatasi ya mahudhurio kuliko sheria. Karatasi inayofaa ina safu nane: namba ya tukio kama ilivyotolewa na kituo cha simu za dharura, saa ya mwito, jina, saa ya kufika, alikofika (kituoni au eneo la tukio), gari alilopanda au kazi aliyopewa, saa ya kuachiliwa, na sahihi. Chini yake anatia sahihi kiongozi wa tukio, ambaye hahakiki jina lake mwenyewe, lake alihakiki mwingine.

Safu ya sita ndiyo inayochuja. Bila hiyo unapata watu wa kutia saini: moto umezimwa, magari yamerudi, mtu anaingia na kikombe cha kahawa, anachukua kalamu. Jina lililoandikwa mbele ya "alikunja mipira" au "alijaza mitungi ya hewa" linajibika. Jina peke yake halijibiki. Programu za simu zinazoonyesha nani ameitika zinasaidia kuhakiki, lakini kubonyeza "nakuja" ukiwa foleni ya dukani si kuja. Karatasi na programu zikitofautiana, iaminiwe karatasi.

Kanuni za nani analipwa ziandikwe kabla hazijahitajika. Mwito ukifutwa watu wako njiani, lipa kamili. Shida ya mwito ni kuondoka nyumbani, na huyo ameshaondoka. Ukilipa nusu, watu wataanza kusubiri dakika tatu wasikie kama utafutwa, na siku moja hautafutwa. Atakayefika baada ya gari kurudi na kuoshwa halipwi. Miito miwili ikifuatana kabla gari halijarudi kituoni ni mwito mmoja. Usipoandika hilo, dhoruba moja yenye miti thelathini barabarani itameza bajeti ya miezi miwili, na watu watakaolipwa zaidi watakuwa wale waliokaa ndani ya gari lile lile mchana kutwa.

Usilipe kwa kufuatana kufika. Dola tano za ziada kwa dereva wa kwanza zinasikika kama wazo zuri mpaka uone magari binafsi yakifukuzana kuelekea kituoni kwenye barafu. Ajali za magari ziko juu kwenye orodha ya yanayowaua wazima moto wa kujitolea, zikitanguliwa na moyo. Marekani imeshapita njia hiyo: miji ya karne ya 19 ilikuwa na vikosi hasimu vilivyopigana ngumi juu ya nani afike kwanza kwenye maji, na Cincinnati ilichoka, ikaanzisha kikosi cha kulipwa mwaka 1853, kikiwa na mashine ya mvuke.

Mazoezi nayo yalipwe sawa na mwito. Vikosi vinavyolipa miito pekee hujikuta na watu hodari wa kufika wasiojua pampu mpya inawashwaje.

Bajeti, kwa mfano. Miito 240 kwa mwaka, watu 9 kila mwito: mahudhurio 2,160. Mazoezi 24, watu 18 kila moja: 432. Jumla 2,592, mara dola 12, ni dola 31,104. Ongeza mchango wa mwajiri kwa hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, asilimia 7.65, ambao ukikokotolewa juu ya fedha yote ni dola 2,379.46, msamaha nitakaoutaja chini utaupunguza. Hatari ya mtindo huu ni kwamba idadi ya miito haiombi ruhusa ya kikao. Ndiyo maana mimi ninapenda mfuko. Halmashauri inatenga dola 30,000, na mwisho wa mwaka zinagawanywa kwa mahudhurio yote. Kwa mahudhurio 2,592 kila moja linapata dola 11.57. Miito ikipanda hadi 310, mahudhurio yanakuwa 3,222 na kila moja linashuka hadi dola 9.31. Mji haupitilizi bajeti, na posho inajishusha yenyewe miito mifupi inapoongezeka. Ubaya wake ni kwamba watu watauliza Oktoba watapata ngapi nawe huna jibu. Waambie hivyo hivyo.

Kodi, na wale wenye karatasi zinazosubiriwa

Posho ni kipato. Mtu kubaki wa kujitolea machoni pa Wizara ya Kazi hakumfanyi asionekane na mamlaka ya kodi, na hapa wahazini wengi huchanganya idara mbili zisizozungumza lugha moja. Malipo ya mwito ni ujira, unaandikwa kwenye fomu ya W-2 na makato yake. Kosa la kila mara ni kumpa mzima moto fomu ya 1099 kama fundi wa mkataba. Mzima moto anayevaa koti lako, anayepanda gari lako na kutii amri ya kiongozi wako si mkandarasi.

Ahueni ipo kwenye kifungu 139B cha sheria ya kodi, kilichofanywa cha kudumu kuanzia 2021: dola 50 kwa kila mwezi mtu anaotumika hazitozwi kodi ya mapato wala makato ya hifadhi ya jamii. Kwa mwaka mzima ni dola 600. Chukua mwanachama aliyeitika miito 95 na mazoezi 20: mahudhurio 115 kwa dola 12 ni 1,380. Toa 600, zinabaki 780. Makato yake ya asilimia 7.65 ni dola 59.67. Mhazini asiyejua kifungu hicho atamkata dola 105.57, na hakuna atakayegundua, kwa sababu wazima moto hawasomi vikaratasi vya malipo.

Marejesho ya maili ni kitu tofauti. Yakiwa na daftari la safari, tarehe na umbali, hayatozwi kodi. Yakiwa ni "dola ishirini za mafuta" kwa kila mtu kila mwezi bila hesabu, ni ujira kama ujira mwingine.

Majimbo mengine yameweka fedha kwenye uzee badala ya mwito. New York ina mpango wa pointi: mwanachama akifikisha pointi 50 kwa mwaka, mwaka huo unahesabiwa kwenye malipo yake ya uzeeni. Miito, mazoezi, kozi na vikao vyote vina pointi zake. Ni mpango mzuri wa kumbakiza mtu wa miaka arobaini na tano. Kijana wa miaka ishirini ukimweleza habari za pensheni, anatazama simu.

Na sasa ndugu zetu. Miji midogo ya Marekani yenye Wakongomani, Warundi na Wasomali wanaozungumza Kiswahili inahitaji sana wazima moto wanaoweza kumwambia mama wa Kikongomani mlangoni "toka nje, usirudi kuchukua kitu". Lakini fedha ya mwito ni malipo ya kazi. Anayesubiri kibali cha kazi asiipokee, hata dola nane, hata wakimwambia ni asante tu. Asaini karatasi ya mahudhurio kama wenzake ila aandikishe kwa maandishi kwamba hapokei posho, na kabla ya hapo amuulize mwanasheria wake wa uhamiaji. Anayepokea mafao ya kukosa kazi, msaada wa chakula au nyumba ya ruzuku ataje posho hiyo kwenye fomu zake. W-2 itafika serikalini hata asipoitaja. Kuhusu kuumia, uliza kabla ya kuvaa koti: bima ya fidia ya jimbo itakukokotolea fidia kwa kipato kipi, cha posho au cha kazi yako ya kila siku? Tofauti ya majibu hayo mawili inaweza kuwa kodi ya nyumba.

Kwingine wanafanyaje

Uingereza haina kizunguzungu hiki. Mzima moto wa mwito ni mwajiriwa, na analipwa vipande vitatu: ada ya mwaka ya kukaa tayari, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa asilimia 10 ya mshahara wa mwenzake wa kudumu kwa anayetoa saa zote; malipo ya usumbufu kila anapoitwa; kisha saa alizofanya kazi. Mwaka 2006 mahakama ya juu huko iliwafungulia njia ya kudai pensheni kama ya wenzao. Ufaransa wanalipa kwa saa kufuatana na cheo, usiku ni maradufu, Jumapili na sikukuu nusu zaidi, na hakuna kodi wala makato. Ujerumani mwajiri wako anaendelea kukulipa ukiwa kwenye moto, kisha anadai halmashauri. Chile hakuna senti. Wazima moto ndio wanaotoa ada kila mwezi kwa kikosi chao, na wanajivunia.

Kisa cha Sisilia kinafaa kubandikwa ukutani mwa mhazini. Mwaka 2017 polisi wa Ragusa waliwatuhumu wazima moto 15 wa kujitolea kwamba walikuwa wakiwasha moto, au kupiga simu za uongo, ili walipwe euro 10 kwa saa. Kilichowafichua ni hesabu: kikosi chao kilikuwa na miito mingi kupita vingine kwa mbali. Marekani nako, mwaka 2002, sehemu ya moto mkubwa wa nyika kuwahi kuonekana Arizona hadi wakati huo iliwashwa na mzima moto wa kibarua aliyetaka kuitwa kazini. Posho ndogo haimgeuzi mtu mwema kuwa mhalifu. Hata hivyo linganisha miito yako na ya majirani kila miezi mitatu, na utazame nani anafika kwanza kwenye moto wa vichaka.

Ubelgiji ndiko walikogusa kiini. Mzima moto wa Nivelles aitwaye Matzak alitakiwa, akiwa wa zamu, awe anaweza kufika kituoni ndani ya dakika 8. Alilipwa akiitwa, hakulipwa akingoja. Tarehe 21 Februari 2018 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba kungoja kwa namna hiyo, nyumbani, dakika nane kutoka kituoni, ni muda wa kazi. Dakika nane hazikuruhusu kumpeleka mtoto kuogelea.

Kwenye mji mdogo wa Marekani tatizo ni hilo hilo, limevaa sura nyingine. Usiku watu wapo. Pengo ni Jumanne saa nane mchana, fundi bomba yuko maili arobaini kutoka kituoni na mwalimu yuko darasani, na dola 12 haziwezi kuwarudisha. Njia moja ni posho ya zamu: anayekaa kituoni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni analipwa kiasi kimoja kwa zamu, si kwa saa. Kwa mfano wetu, saa 8 kwa dola 30 ni 240, na asilimia 20 ni dola 48. Weka 45. Wastaafu na wafanyakazi wa zamu za usiku watajaza siku mbili tatu za wiki, na mwanasheria wako aone maandishi kabla.

Njia ya pili ni kukiri kwamba mchana ni kazi na kuajiri mtu mmoja au wawili kwa saa hizo, kwa mshahara halali. Mimi naielekea hii. Ila jua kinachofuata, kwa sababu karibu kila mara anayeajiriwa ni kijana hodari wa kikosi hicho hicho. Sheria haimruhusu mtu kujitolea kwa mwajiri wake wa umma kufanya kazi ile ile anayolipwa. Dereva wa greda la mji anaweza kuwa mzima moto wa kujitolea wa mji huo. Mzima moto wa mchana hawezi kuwa mzima moto wa kujitolea wa usiku. Kikosi chenye waajiriwa wa zimamoto chini ya watano kina msamaha wa malipo ya saa za ziada, lakini saa zenyewe lazima zilipwe. Kwa hiyo peja ikilia saa mbili usiku na kijana huyo akaja mbio kama alivyozoea, karatasi yake ni nyingine. Kwenye ile ya safu nane asitie sahihi. Anaandikiwa saa ya kuingia na saa ya kutoka.